Magari Katika Pori la Uwindaji: Somo Juu ya Kutumia Ardhi Moja Pamoja

Somo hili ni kwa ajili ya viongozi wa kambi, wazee wa vijiji, akina mama na akina baba wa familia zilizohamishwa na vita, na wote wanaokaa katika kamati za ardhi na amani. Mtu mmoja anaweza kulisoma peke yake, lakini litafaa zaidi mkilisoma katika kikundi na kujibu pamoja maswali yaliyo mwishoni.

Lengo la somo

Baada ya somo hili, msomaji ataweza:
- kueleza kwa nini ugomvi juu ya chombo, kama gari au pikipiki, mara nyingi unaficha ugomvi wa zamani juu ya ardhi;
- kutaja hatua ambazo watu wa sehemu moja walipitia ili kupata mapatano juu ya pori wanalolitumia pamoja;
- kuchagua hatua zinazoweza kufaa kwetu, na kuacha zile zisizofaa.

Mfano wetu unatoka mbali, katika jimbo la Florida, kusini mwa Marekani. Tumechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Tukizungumza juu ya kilima cha jirani, kila mtu anachagua upande wake hata kabla ya kusikiliza. Tukizungumza juu ya watu tusiowajua, tunaweza kwanza kufikiri kwa utulivu, halafu tukarudi kwetu na macho mapya.

1. Pori na watu wake

Big Cypress ni pori kubwa lililo kati ya miji ya Miami na Naples. Eneo lake lote ni karibu hekta 295,000. Si pori kavu. Wakati wa mvua maji hufunika sehemu kubwa ya nchi ile na kutembea polepole kuelekea baharini, upande wa kusini-magharibi. Wakati wa kiangazi maji hushuka na majani hukauka. Udongo wake ni mwembamba, na chini yake kuna mawe ya chokaa. Humo kuna kulungu, nguruwe pori, batamzinga wa porini, mamba, dubu weusi, na mnyama mmoja ambaye amebaki kidogo sana: puma wa Florida, paka mkubwa mwenye rangi ya simba jike.

Wa kwanza kutajwa katika habari hii ni watu wa makabila ya Seminole na Miccosukee. Mwaka 1830 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili kutoka ardhi zao na kuwapeleka magharibi. Huko Florida jambo hilo lilileta vita. Vita vya mwisho viliisha mwaka 1858. Wengi walikuwa wamekufa au wamepelekwa mbali kwa nguvu. Wachache walijificha katika mabwawa, mahali ambapo askari walishindwa kuwafuata, na wajukuu wao wanaishi huko hadi leo. Msomaji aliyewahi kukimbilia msituni na watoto wake ataelewa upesi kwamba kwa watu hawa pori lile si mahali pa matembezi. Ndilo lililowaficha.

Baadaye walikuja watu wengine: wavuvi, wawindaji na wakata miti. Walijenga vibanda vyao porini na kuwafundisha watoto wao kuwinda. Kwa kuwa gari la kawaida linazama katika matope yale, walianza kujitengenezea magari yao wenyewe, marefu kwenda juu, yenye matairi makubwa. Wengine walitengeneza mashua bapa zinazosukumwa na feni kubwa iliyofungwa nyuma. Mtoto alijua njia za porini akiwa amekaa juu ya gari la babu yake. Kwao gari lile ni sehemu ya maisha, kama chukudu ilivyo kwa kijana anayeshusha mzigo wa viazi kutoka kilimani.

Mwaka 1968 kazi ya kujenga uwanja mkubwa sana wa ndege ilianza katikati ya pori lile. Hapo lilitokea jambo la kukumbuka: wawindaji wenye magari na watetezi wa mazingira walisimama upande mmoja. Wote walijua kwamba uwanja ule ungemaliza maji na wanyama. Mwaka 1970 mpango huo ulisimamishwa, baada ya njia moja tu ya kurukia ndege kujengwa. Tarehe 11 Oktoba 1974 sheria ikatolewa ya kulifanya pori lile kuwa hifadhi ya taifa.

Sheria hiyo haikuwafukuza watu. Iliruhusu uwindaji, uvuvi na kutega wanyama, chini ya masharti. Ilitambua kwamba watu wa Seminole na Miccosukee wana haki ya kuendelea kukaa, kuwinda ili kupata chakula, na kufanya sherehe zao za asili. Juu ya magari, sheria ilisema kwamba serikali itaweka kanuni za kuyapunguza au kuyasimamia. Lakini haikusema ni magari mangapi, wala yapite wapi, wala wakati gani. Marafiki wa mwaka 1970 walianza kugombana juu ya mambo hayo.

2. Tatizo lilikua namna gani

Mtu mmoja akipita na gari lake mara moja katika mbuga yenye maji, anaacha alama mbili za matairi. Mwaka unaofuata mwingine anapita pale pale, na matope yanakuwa mazito zaidi. Wa tatu anaona njia imeharibika, anakwepa na kupita pembeni. Wa nne anakwepa njia ya wa tatu. Hivyo njia moja inazaa njia kumi, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kuharibu.

Wataalamu walipohesabu alama za magari katika hifadhi ile, walikuta zaidi ya maili 20,000, yaani karibu kilometa 32,000. Mtu akizinyosha zote ziwe njia moja, atakuwa amezunguka sehemu nne kati ya tano za dunia. Na zote hizo ziko ndani ya pori moja.

Madhara yake yanaeleweka hata bila shule kubwa. Udongo mwembamba ukichimbwa na matairi, majani hayaoti upesi. Alama nyingine hukaa miaka na miaka. Maji yaliyokuwa yakitembea taratibu juu ya nchi yote yanaingia katika mitaro ya matairi na kufuata njia mpya. Mnyama anayeogopa kelele anahama. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Huko Big Cypress ufa ulikuwa alama ya tairi.

3. Kila upande ulisema nini

Katika kazi ya amani tunafundishwa kueleza hoja ya kila upande kwa namna ambayo mwenye hoja mwenyewe atasema: “Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyofikiri.” Tujaribu.

Wawindaji wenye magari walisema: “Ardhi hii ni ya umma, nasi ni umma. Tulikuwa hapa kabla ya hifadhi. Tulisimama nanyi kuzuia uwanja wa ndege. Sasa mnataka kutufungia mlango. Pori hili ni kubwa na lina maji. Mzee wa miaka sabini, au mtu mwenye mguu mbovu, hawezi kutembea humo akiwa na bunduki na nyama mgongoni. Mkiondoa gari, mmemwondoa yeye. Na kama mnawapenda puma, angalieni barabara kuu za lami: huko ndiko wengi wao wanagongwa na kufa.” Hoja hiyo ya mwisho ni ya kweli, kugongwa barabarani ndicho chanzo kikubwa cha vifo vya puma vinavyojulikana.

Watetezi wa mazingira walisema: “Hatupingi uwindaji. Tunapinga magari kupita popote. Miaka ya 1970 puma wakubwa waliobaki hawakuzidi 20 au 30. Mwaka 1995 ililazimu kuleta puma majike 8 kutoka Texas ili damu yao iimarike. Leo wanakadiriwa kuwa kati ya 120 na 230, na bado hawajapona. Wanahitaji mahali pa kuzalia bila kelele. Udongo ukienda, hamtakuwa na pori la kuwinda, ninyi wala watoto wenu.”

Kulikuwa pia na wawindaji wanaotembea kwa miguu. Hawa mara nyingi husahauliwa, kwa sababu watu hudhani wawindaji wote wana neno moja. Walisema: “Ninaamka usiku, ninatembea saa tatu, ninakaa kimya kumngoja kulungu. Jua linapochomoza, gari linapita na kila kitu kinakimbia. Na mimi nina kibali kama yeye.”

Wenyeji wa asili waliuliza swali lingine kabisa: “Mnabishana juu ya nani apite wapi. Je, mmetuuliza sisi tunaokaa humu?”

Na watumishi wa hifadhi walikuwa katikati. Sheria iliwapa kazi mbili kwa mara moja: kulinda pori, na kuruhusu watu walitumie. Walikuwa wachache, na pori lilikuwa kubwa.

Tukitazama hoja hizi zote, tunaona kwamba gari limetajwa na kila mtu, lakini si gari peke yake linalogombaniwa. Wanagombania nani ni mwenyeji, nani anaaminika, na nani atakuwa bado yupo kesho.

4. Hatua walizopitia

Hatua ya kwanza ilikuwa ya kanuni ya nchi nzima. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alitoa agizo kwamba katika ardhi za umma kila ofisi ichague ni wapi magari ya porini yanaruhusiwa na wapi hayaruhusiwi. Agizo lilitaja mambo matatu ya kuzingatia: kupunguza uharibifu wa udongo, maji na mimea, kupunguza usumbufu kwa wanyama, na kupunguza migongano kati ya watu wanaotumia ardhi hiyo kwa namna mbalimbali. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter aliongeza kwamba mahali panapoonekana kuharibika sana pafungwe mara moja mpaka parekebishwe.

Lakini agizo la mji mkuu halijitekelezi lenyewe. Huko Big Cypress magari yaliendelea kupita karibu kila mahali kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hatua ya pili ilikuwa mahakama. Mwaka 1995 shirika moja la kutetea viumbe liliishtaki serikali kwa kutotimiza kazi yake. Kesi iliishia katika mapatano: hifadhi iandike mpango maalumu wa magari.

Hatua ya tatu ilikuwa mpango wenyewe, uliotolewa mwaka 2000 baada ya mikutano ya hadhara na maoni ya watu. Mambo yake makubwa ni haya:
- magari yasipite popote, bali katika njia zilizowekewa alama, zisizozidi maili 400, yaani karibu kilometa 640;
- watu waingie na magari kwa milango inayojulikana, si kila mtu kwa mlango wake;
- vibali vya magari visizidi 2,000 kwa mwaka;
- magari yasitembee usiku wa manane;
- kila mwaka kuwe na siku 60 ambazo pori linapumzika bila magari ya matembezi.

Uwindaji haukufungwa. Anayetaka kuwinda kwa miguu anaweza kuendelea. Mwenye gari anaweza kuendelea, akifuata njia. Mpango haukuuliza “Nani atoke?” Uliuliza “Tupite wapi, wangapi, na wakati gani?” Swali la kwanza linazaa mshindi na mshindwa. Swali la pili linaweza kujibiwa kwa hesabu.

Hatua ya nne ilikuwa kamati ya ushauri, iliyoanza mwaka 2007. Humo walikaa wenye magari, wawindaji, watetezi wa mazingira na wengine wenye haki katika pori, wakijadili njia moja moja. Tuangalie miaka: mpango ulitoka 2000, na kamati ikaanza 2007. Katika miaka hiyo 7 wengi walisikia habari za njia kufungwa bila kuwa na meza ya kudumu ya kuulizia. Watu wanaosikia uamuzi bila kusikia sababu hujitengenezea sababu zao wenyewe, na mara nyingi sababu hizo ni mbaya kuliko ukweli.

5. Je, ugomvi uliisha?

La. Ni vizuri kusema hivyo wazi, kwa sababu viongozi wengi hukata tamaa wanapoona mapatano yao yanabishaniwa tena.

Mwaka 2007 hifadhi ilifungua tena njia kadhaa zilizokuwa zimefungwa katika sehemu iitwayo Bear Island. Watetezi wa mazingira walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 jaji alisema uamuzi huo haukufuata utaratibu. Hapo wenye magari walishindwa.

Mwaka 1988 serikali ilikuwa imeongeza katika hifadhi eneo jipya la karibu hekta 59,000. Kwa miaka mingi eneo hilo halikuwa na mpango wa magari. Mpango ulipotolewa, uliruhusu njia za karibu maili 130. Watetezi wakashtaki tena. Safari hii mahakama ya rufaa, mwaka 2016, iliukubali mpango. Hapo watetezi walishindwa.

Mwaka 2022 lilikuja jambo jingine: pendekezo la kuzifanya sehemu kubwa za pori kuwa eneo lisiloguswa, ambalo kwa sheria ya Marekani halina magari wala majengo mapya. Wenye magari walipinga, na wengi walitazamia hivyo. Lakini watu wa Miccosukee pia walipinga. Walisema kwamba nchi ile haijawahi kuwa tupu. Wao wamekaa humo, wamelima humo, wamezika humo. Kuiita “nchi isiyoguswa na mtu” ni kuwafuta wao. Hivyo watu ambao hawakuwa na sababu moja walijikuta wakisema neno moja.

Basi ubishi umeendelea kwa zaidi ya miaka 50. Umefanyika kwa barua, mikutano, kesi na ramani. Kila upande umeshinda siku moja na kushindwa siku nyingine, na kila mara walioshindwa walirudi katika mkutano unaofuata, kwa sababu walijua kutakuwa na mkutano unaofuata.

6. Tofauti kati yao na sisi

Mfano huu hauwezi kuhamishwa kwetu mzimamzima. Huko, mwindaji aliyeshindwa katika kesi anarudi nyumbani kwake. Kwetu, familia nyingi hazina nyumba ya kurudia, na anayepoteza haki ya kuingia msituni anapoteza kuni, makaa ya kuuza, na chakula cha watoto. Huko hakuna kikundi chenye silaha kinachokusanya ushuru njiani. Huko jaji anaweza kuiambia serikali kwamba imekosea, na serikali ikabadilisha uamuzi.

Lakini kuna yanayofanana. Sheria za nchi yetu pia zinajua pori la hifadhi na eneo la uwindaji. Kuna sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na sheria ya kulinda viumbe na mazingira ya tarehe 11 Februari 2014. Eneo la uwindaji la Rutshuru liko kando ya Mbuga ya Virunga, na watu wengi wanaosoma ukurasa huu wanayajua mapori hayo kwa miguu yao. Tena, tarehe 15 Julai 2022 ilitolewa sheria ya kulinda haki za Wambuti, Batwa na wengine wa asili yao, watu ambao waliondolewa katika misitu mingi bila kuulizwa. Swali la Wamiccosukee ni swali lao pia.

Kwetu pikipiki imefanya kazi ambayo magari yale yalifanya huko. Pikipiki inafika mahali ambapo gari halifiki. Inamleta mama mjamzito katika kituo cha afya, na inashusha magunia ya makaa kutoka mahali ambapo zamani mtu angechoka kufika. Njia moja inatumika kwa kazi zote mbili. Anayesema “pikipiki zote zikatazwe msituni” amemsahau mama yule. Anayesema “pikipiki zote zipite” amesahau msitu.

7. Mafunzo sita kwa viongozi

Moja: Tenganisha mtu na chombo chake. Ukisema “wenye pikipiki ni waharibifu”, umeanzisha kabila jipya la kuchukiwa. Sema badala yake: “Pikipiki zinapopita bondeni wakati wa mvua, chemchemi inachafuka.” Neno la kwanza linatafuta adui, na la pili linatafuta dawa.

Mbili: Hesabuni kabla ya kubishana. Huko Florida mabishano yalibadilika alama za matairi zilipohesabiwa. Sisi hatuna ndege wala mitambo, lakini tuna vijana na madaftari. Vijana wanne kutoka pande zote mbili, wakitembea pamoja siku tatu, wanaweza kuandika njia zote zinazoingia msituni. Wakirudi na daftari moja, hakuna atakayesema kwamba hesabu ni ya upande fulani.

Tatu: Jibuni maswali matatu, wapi, wangapi na lini. Kuruhusu bila mipaka kunamfaa mwenye nguvu. Kukataza kabisa kunamfaa anayejua kupita usiku. Kati ya hayo mawili kuna njia zenye alama, idadi inayojulikana, na majira ya kupumzisha ardhi. Wazee wetu walijua jambo hili. Walikuwa na miezi ya kuwinda na miezi ya kuacha wanyama wazae.

Nne: Tafuteni wale ambao hawakufika mkutanoni. Mwindaji wa miguu, mzee asiyeweza kutembea, Mtwa anayekaa pembeni ya msitu, mwanamke anayetafuta kuni, na familia iliyo kambini mbali na ardhi yake. Huyu wa mwisho ndiye anayesahauliwa zaidi kwetu. Vita vinapowatoa watu kijijini, wanaobaki au wanaokuja hupanga njia na mashamba kana kwamba wengine hawatarudi. Siku wanaporudi wanakuta uamuzi umekwisha, na hapo ugomvi mpya unazaliwa. Kamati yenye hekima inaacha kiti kwa walio kambini, na kama hawawezi kufika, inatuma mtu akaulize maoni yao kabla ya kuandika.

Tano: Andikeni, na mtoe sababu. Mapatano ya mdomo huwa na maneno mengi kadiri ya watu waliokuwepo. Karatasi iseme njia gani imefungwa, kwa nini, na nani atailinda. Isomwe kwa sauti, kanisani, msikitini, sokoni na kambini, katika lugha ambayo watu wanaisikia.

Sita: Wekeni tarehe ya kurudi mezani. Mapatano yasiyo na tarehe ya kutazamwa tena humfanya aliyeshindwa aone kwamba ameshindwa milele. Mtu wa namna hiyo ni mwepesi kumsikiliza anayemwambia achukue silaha. Mkiandika “tutakutana tena baada ya mavuno mawili”, mnampa sababu ya kungoja.

8. Maswali ya kujadili katika kikundi

Mwezeshaji agawe watu katika vikundi vidogo vya watano au sita. Wanawake na vijana wawe na nafasi ya kusema kwanza. Kila kikundi kichague maswali matatu.

1. Taja msitu, bonde au malisho ambayo watu wa jamii mbalimbali wanayatumia katika eneo lenu. Ni chombo gani kinacholeta maneno huko: pikipiki, msumeno, ng'ombe, nyavu?
2. Nyuma ya maneno juu ya chombo hicho, kuna swali gani la zamani ambalo watu hawalisemi wazi?
3. Kila mmoja ajaribu kueleza hoja ya upande usio wake kwa muda wa dakika mbili, bila dhihaka. Ilikuwa vigumu wapi?
4. Huko Florida wawindaji na watetezi wa mazingira waliungana dhidi ya uwanja wa ndege. Je, kuna hatari ambayo pande zinazogombana kwenu zote zinaiogopa? Inaweza kuwaleta mezani?
5. Kama mngeruhusiwa kuacha njia tatu tu za pikipiki katika msitu wenu, mngechagua zipi? Nani angepata hasara, na mngemsaidia namna gani?
6. Nani kati ya watu wa ardhi hiyo yuko kambini au mbali leo? Maoni yake yatafika kwenye kamati kwa njia gani, na nani atayapeleka?

9. Zoezi la mwezi

Kabla ya mkutano ujao wa kamati yenu, chagueni njia moja tu inayoleta ugomvi. Tumeni watu wawili, mmoja kutoka kila upande, waitembee pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Waandike wanaopita, mizigo wanayobeba, na mahali palipoharibika. Kama usalama hauruhusu kuitembea, waketi na wazee wanaoijua na kuichora ardhini au kwenye karatasi. Wasilete hukumu. Walete yale waliyoyaona, nayo kamati itaanzia hapo.